Mgeni Kaingia Grupu Usiku: Namna ya Kumpokea Asilefti Kabla ya Asubuhi

Nauza dawa za mifugo na chakula cha kuku hapa Morogoro. Jioni nikishafunga duka naendesha grupu la WhatsApp la wafugaji wa kuku, kazi isiyolipa na inayochosha kuliko ya kwanza. Dukani mtu akiingia nauona uso wake. Nikimwona ana haraka namhudumia haraka, nikimwona ni mzee namsogezea kiti. Kwenye grupu naona namba tu, na picha ya ua waridi au nembo ya timu ya mpira. Nimekuwa admini tangu 2017, na karibu kila kosa nitakalokwambia usilifanye nimelifanya mimi mwenyewe, mengine zaidi ya mara moja.

Nianze na lile ambalo mpaka leo linaniuma.

Mwaka 2019, saa 2 usiku, iliingia namba ngeni kwa linki, picha yake lori la bluu. Hazikupita dakika tano ikaandika: "vifaranga vinakufa nipeni dawa". Basi. Hakuna salamu, hakuna jina, hakuna hata nukta. Wa kwanza akajibu, "Salamu haiuzwi, kijana." Wa pili akaweka vikatuni vitatu vya kucheka mpaka machozi. Wa tatu: "Hili limejibiwa sana, panda juu usome." Wa nne: "Dawa ya nini? Umri hujataja, dalili hujataja, sisi waganga wa kupiga ramli?" Fundi wetu mmoja wa mabanda, mtu tunayemheshimu sana, akatuma ujumbe wa sauti wa dakika sita kuhusu nidhamu ya mfugaji. Na mimi admini nilikuwa jikoni nageuza samaki. Nikafuta kidole kwenye kanga, nikaandika: "Taratibu za grupu zizingatiwe." Saa 3 kasoro lile lori la bluu likalefti, nasi tukarudi kwenye mada ya bei ya pumba.

Siku mbili baadaye akaja dukani mzee wa miaka sitini na kitu, shati kafunga vifungo mpaka shingoni, simu yake kioo kimepasuka. Anataka antibayotiki, "ile kali". Nikamwomba namba ili nimjulishe mzigo wa chakula ukifika. Nilipoiandika kwenye simu yangu, lori la bluu likatokea.

Nikamuuliza, "Baba, hao vifaranga wana siku ngapi?"

"Sita."

"Wametawanyika bandani, au wanajikusanya mahali pamoja?"

"Wanarundikana kona, mwanangu. Asubuhi nikiinua wa juu, wa chini wamekufa."

Pale hapakuwa na ugonjwa. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35, na yeye alikuwa na balbu moja, tena umeme ulikuwa unakatika usiku. Wakipigwa na baridi wanapandana, wa chini wanakosa hewa. Ile antibayotiki niliirudisha kwenye rafu, nikamweleza habari ya jiko la mkaa, kuzungushia bruda, yaani ile sehemu ya joto ya kulelea vifaranga, na tundu la kupitisha hewa ili moshi usije ukawamaliza waliobaki. Walikuwa wamebaki 31 kati ya 100. Akiwa mlangoni akasema, wala hakulalamika, "Niliuliza mahali, wakanicheka." Sikumwambia mahali penyewe ni kwangu. Nilikuja kumwambia baadaye sana.

Kwa hiyo haya ninayoyaandika ni ya admini mwenzangu, na ya mwanachama mkongwe anayejiona ana haki ya kuchoka. Kama grupu lako ni la wakulima wa vitunguu, mafundi wa pikipiki au wazazi wa darasa la tatu, ondoa kuku uweke cha kwako.

Anza kwa kufuta "panda juu usome"

Kwenye WhatsApp mtu aliyejiunga leo haoni yaliyoandikwa jana, labda mtu amtumie. Sisi wa zamani tunasahau hilo kwa sababu kwetu kumejaa miaka ya mazungumzo. Yeye akipanda juu anakuta mstari mmoja tu unaomwambia amejiunga kwa linki, basi. Unamtuma kisimani ambako hakuna kisima, halafu unamwita mvivu.

Telegram kuna nafuu: admini anaweza kuruhusu wageni waone mazungumzo ya nyuma, na ukubwa wa grupu unafika watu 200,000. Lakini hata huko, nani mwenye kuku mgonjwa atachambua ujumbe elfu kumi na mbili wenye "Amina" na "Kheri ya mwaka mpya" katikati yake?

Dawa yake ni kuandika mwenyewe majibu ya maswali yanayorudi. Usikae chini kubuni maswali. Kwa mwezi mmoja kila swali likijirudia liweke alama, utaona ni machache kuliko ulivyodhani. Kwangu yalikuwa saba: joto la bruda, ratiba ya chanjo, kuhara damu, kudonoana, kiasi cha chakula, kuku kuacha kutaga, na vifaranga wanapatikana wapi. Kila moja nimeliandikia jibu lisilozidi mistari minane, nimeyahifadhi kwenye simu, na wenzangu wawili wanayo pia. La chanjo, kwa mfano, linaanza hivi: siku ya 7 Newcastle (kideri), siku ya 14 Gumboro (ugonjwa mwingine wa vifaranga), siku ya 21 Newcastle tena, siku ya 28 Gumboro tena, ndui wiki ya 6 hadi ya 8, na baada ya hapo Newcastle kila miezi mitatu, daktari wa eneo lako akikupa ratiba tofauti, fuata yake. Mgeni akiuliza, nabandika. Sekunde kumi. Yale mafupi kabisa nimeyaweka kwenye maelezo ya grupu, maana hayo mgeni anayaona tangu dakika ya kwanza. Wala siyo ujanja mpya. Watu wa kompyuta walianza kuandika orodha za maswali yanayoulizwa mara kwa mara tangu miaka ya 1980, kwa sababu hii hii ya kuchoka.

Wao pia walikuwa wakali kwa wageni. Mtoto wa dada yangu, anayefanya kazi hizo, alinionyesha mwongozo wa adabu za mtandaoni wa Oktoba 1995, unaitwa RFC 1855, mwandishi wake Sally Hambridge wa kampuni ya Intel. Una mambo mengi ya busara. Ila unamshauri mgeni asome mazungumzo ya wenzake mwezi mmoja hadi miwili kabla hajaandika chochote. Nilicheka. Kuku wa nyama anauzwa wiki ya tano au ya sita. Ukimwambia mfugaji akae kimya miezi miwili, atauliza swali lake wakati kuku wameshaliwa harusini.

Salamu, hapo ndipo tunapoumizana

Hili kwetu ndilo linaloharibu. Kuna wageni wa aina mbili.

Wa kwanza anaingia na swali bila salamu, kama yule mzee. Sisi tuliolelewa kupiga hodi tunaona katuingilia chumbani. Lakini mtu ambaye kuku wanamfia mkononi hapigi hodi, na wala jirani hamuulizi hodi yake iko wapi anapokuja mbio kuomba maji ya kuzimia moto. Jibu swali kwanza. Salamu itakuja yenyewe baada ya kuku kupona, na mara nyingi huja na shukrani ndefu mpaka unaona haya.

Wa pili ndiye anayepotea bila mtu kujua. Anaingia saa 12 asubuhi, anaandika, "Habari za asubuhi wana grupu, hamjambo?" Halafu anasubiri. Hatauliza lolote mpaka aitikiwe, kwa sababu kwao hivyo ndivyo mtu mwenye adabu anavyofanya. Watu 300 wanaiona ile salamu, kila mmoja anasema moyoni mtu mwingine ataitikia. Haitikiwi. Kesho yake hayupo, au yupo na hataandika tena mwaka mzima. Nilipoanza kuwafuatilia walioondoka, niliwakuta wengi wa namna hii, wameacha "Habari za asubuhi" moja tu, kama kandambili iliyosahaulika mlangoni.

Kwa hiyo kwetu salamu ya mgeni lazima iitikiwe ndani ya saa moja, na kuitikia kwenyewe kuwe na mlango wa kuingilia: "Hatujambo, karibu. Za huko? Kuku wanaendeleaje?" Lile swali la mwisho ndilo linalofungua mdomo.

Halafu kuna suala la umri. Namba haina mvi. Kumwita mtu usiyemjua "kijana" ni kucheza kamari, na kumwandikia "mambo vipi" mtu wa rika la baba yako ni kumfukuza kistaarabu. Tumia "ndugu" mpaka ujue. Njia rahisi ya kujua ni kumuuliza, "Tukuite nani?" Mtu anajibu "Mama fulani", "Babu", "Mwalimu", au jina tupu, na hapo hapo grupu zima linajua nani anampa shikamoo.

Usiwaingize wote mara moja

Wafugaji mtanielewa haraka. Kuku mgeni humtupi katikati ya kundi saa 6 mchana. Unamtenga kwanza wiki mbili uone kama hana ugonjwa, kisha unamweka nyuma ya waya waonane bila kugusana, halafu unamwingiza usiku, wengine wakiwa wamelala juu ya fito. Asubuhi wanaamka naye. Watadonoana kidogo, lakini hawamtoi damu. Na usimwingize mmoja peke yake kama unaweza kuingiza watatu, maana mmoja ndiye anayepokea midomo yote. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, na kweli anaonekana toka mbali.

Grupu langu lilikuwa tulivu wakati kikomo cha WhatsApp kilikuwa watu 256. Mwaka 2022 kikapanda hadi 512, na kabla mwaka haujaisha kikawa 1,024. Nikafurahi, nikamwaga linki kila mahali. Waliingia mia tatu na zaidi kwa wiki mbili. Wageni wakawa wengi kuliko wenyeji, wakawa wanajibishana wao kwa wao, mmoja anamwambia mwenzake awape kuku sabuni ya unga. Wakongwe wakachukia, wakaanza kuuma kila anayefungua mdomo.

Niliposimulia hayo, yule mtoto wa dada akaniambia yamewahi kutokea mahali pakubwa zaidi. Zamani kulikuwa na mtandao wa majadiliano unaoitwa Usenet. Kila Septemba vyuo vya Marekani vilipopokea wanafunzi wapya, wageni walimiminika, wenyeji wakalalamika na kuwafundisha, na baada ya muda mambo yakatulia. Kisha kampuni za intaneti zikaanza kuwafungulia wateja wao milango, wageni wakawa wanaingia miezi yote, na wenyeji wakasema ile Septemba ya 1993 haijaisha mpaka leo. Waliokuja hawakuwa wabaya kuliko wa miaka ya nyuma. Walizidi idadi ya watu wa kuwapokea, basi.

Sasa nimewasha ile sehemu ya admini kuidhinisha wanaoomba kujiunga. Wanaobisha hodi katikati ya wiki nawaingiza Jumamosi jioni kwa pamoja, wasizidi 15. Jumamosi kwa sababu watu wako nyumbani na wana bando la wikiendi. Kwa pamoja kwa sababu ya habari ile ya kuku watatu. Ila maombi nayapitia kila usiku, na kama mtu ameniandikia pembeni kwamba kuku wanakufa, huyo hangoji Jumamosi.

Awepo mtu wa zamu, mwenye jina

Wakiambiwa "tuwapokee wageni" wote, hakuna anayepokea. Sisi tuko watano, kila Jumamosi mmoja ana zamu, na ratiba iko kwenye maelezo ya grupu. Wa zamu anatuma ujumbe huu. Uchukue, ubadilishe utakavyo:

"Karibuni sana. Mimi ndiye wa zamu wiki hii, niko Morogoro. Tunaomba mtuambie tuwaite nani, mko wapi, na mna kuku wa aina gani. Kama hujaanza kufuga, sema tu 'nasikilizia', unaruhusiwa. Una kuku mgonjwa sasa hivi? Usingoje utambulisho: andika MGONJWA, umri wao, na unachokiona kwa macho. Kuandika kunakusumbua? Tuma sauti isiyozidi dakika moja. Ujumbe wa zamani hamwezi kuuona, kwa hiyo ulizeni hata kama mnadhani limeshaulizwa. Hapa hatuuziani pembeni. Mtu yeyote akikufuata inboksi kukuuzia kitu au kukusumbua, nipigie picha ujumbe wake unitumie."

Nilianza na orodha ya sheria 22. Hakuna aliyezisoma, hata mimi nilizisahau. Zimebaki tatu, nazo zimo humo humo kwenye ukaribisho.

Hiyo ya kuruhusu sauti imetoka kwa mzee wa lori. Sababu ya kuandika maneno manne bila nukta ilikuwa herufi ndogo na kioo kilichopasuka. Alikuwa dereva wa masafa marefu, akistaafu macho yakawa yameanza kumtupa.

Siku ya tatu, jembe

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe letu ni bei ya mayai. Jumatatu wa zamu anawauliza wale wageni kwa majina: "Huko kwenu trei ya mayai shilingi ngapi leo?" Kila mtu anaijua, haihitaji utaalamu, na jibu la Kahama ni la maana kwa mtu wa Mbeya. Basi mtu ambaye juzi alikuwa anaomba, leo anatoa. Kuna ndugu mmoja yuko Muscat, anamjengea mama yake banda Tanga. Yeye alijibu bei ya huko Oman, mada ikakimbia siku nzima watu wakipiga hesabu za riali.

Ukikosa bei, tafuta kingine ambacho kila mgeni anacho. Mvua imenyesha kwenu? Pumba zinapatikana? Usimpe kazi ya kitaalamu, na usimwombe "ajielezee kwa ufupi", maana watu wengi hapo wanakauka koo.

Inboksi

Nitasema kwa ufupi kwa sababu hasira itanipanda. Mgeni akiingia, namba yake iko wazi, na kuna watu wamekaa kwenye magrupu kwa ajili hiyo tu. Mmoja atamfuata, "Nina vifaranga chotara, boksi la 100, tuma nusu nikupakilie kwenye basi." Pesa ikienda, simu haipatikani. Mwanachama wangu mmoja alikwenda stendi siku tatu mfululizo kusubiri boksi. Na mgeni akiwa mwanamke, kabla hajauliza habari ya chanjo ameshapokea "mambo mrembo" tatu. Anakaa kimya, anaondoka, na sisi tunasema wanawake hawapendi kuchangia.

Hapa sina onyo la kwanza na la pili. Picha ya ujumbe ikinifikia, mtu anatoka jioni hiyo hiyo, awe mgeni au mkongwe, na nawaambia wote kwa nini katoka. Jina la aliyelalamika silitaji.

"Kuku zangu zinakufa"

Aliingia ndugu kutoka Lubumbashi, akaandika, "Bonjour, kuku zangu zinakufa, nifanye je?" Watu wakaliacha lile swali wakashika "zinakufa". Mmoja akauliza, "Ni kuku au ni sufuria?" Vicheko vikaendelea mistari ishirini. Sasa ukipanda juu wewe unayeweza kupanda, utakuta hao hao waliocheka wameandika "vifaranga vinakufa" kila wiki, na hakuna aliyewauliza kama vifaranga ni viti.

Tangu 2022 admini anaweza kufuta ujumbe wa mtu mwingine kwa wote. Tumia. Nilifuta mstari kwa mstari, kisha nikajibu swali. Sikumkaripia mtu hadharani, yule wa sufuria nilimfuata pembeni, nikamwambia, "Kaka, yule ndugu anasoma Kiswahili chetu na kukielewa. Wewe chake umekielewa?" Akaomba radhi mwenyewe kwenye grupu, bila mimi kumtuma. Kuna watakaonuna, na wengine watasema unaua utani. Utani uko palepale, tunataniana sana Wasukuma na Wazaramo humo ndani, lakini watani wanajuana, na mgeni hajui bado kama hii ni mizaha au kisu.

Wakongwe nao ni watu

Nimewasema sana, sasa niwatetee. Kuna mama yetu mmoja amejibu swali la kuhara damu tangu 2017. Tangu 2017! Mtu wa namna hiyo akisema "jamani, tena?" siyo mkorofi, amechoka kikweli. Ukimwekea sheria za upole bila kumpunguzia mzigo utampoteza, na akiondoka hakuna wa kumjibu mgeni.

Nimefanya mambo mawili. Nilifungua grupu dogo la wakongwe, huko wanajadili wanachotaka: kutotolesha kwa mashine, kuchanganya chakula wenyewe, na malalamiko kuhusu wageni, tena wanalalamika kwa raha zao. Pili, nimewaambia wazi kwamba kunyamaza kunaruhusiwa. Ukiona swali la mia moja na vidole vinawasha, weka simu chini, wa zamu yupo. Wengi walidhani wasipojibu watalaumiwa, ndiyo maana walikuwa wanajibu kwa kuuma.

Hesabu wanaotoka

Zamani mtu akilefti kila mmoja aliona, wengine wakawa wanalefti kwa kishindo. Tangu 2022 mtu anatoka kimyakimya na ni ma-admini tu wanaojulishwa. Watu wengi wamepoteza wanachama bila kujua. Lakini kwenye taarifa za grupu, chini ya orodha ya wanachama, kuna sehemu ya waliotoka ndani ya siku 60. Kila Jumapili jioni naifungua na daftari. Aliyetoka baada ya miaka miwili namtakia heri. Anayenishughulisha ni aliyetoka kabla ya wiki kuisha. Natafuta aliandika nini na alijibiwa nini. Mara nyingi jibu liko pale pale: salamu bila mwitikio, au utani mmoja mbaya saa 4 usiku.

Huyo namwandikia mara moja, siyo mara mbili: "Ndugu, mimi ni admini wa grupu la kuku. Nimeona umetoka, huna haja ya kurudi. Kama kuna swali uliondoka nalo, niulize hapa." Nusu hawajibu. Wanaojibu wananipa habari ambayo grupu zima halinipi, na wachache hurudi. Hivyo ndivyo nilivyomrudisha mzee wa lori la bluu, na hapo ndipo nilipomwambia kwamba yule aliyeandika "taratibu za grupu zizingatiwe" ni mimi. Akacheka kwenye simu mpaka akakohoa. Akasema alidhani ni mwanamume.

Na wewe mgeni

Maneno machache. Taja umri wa kuku, idadi, walianza kuumwa lini, na unachokiona. Picha ya kinyesi, samahani kwa mnaokula, inasaidia kuliko picha ya kuku. Ukipewa dawa na mtu asiyeuliza umri wala dalili, usiinunue. Ukikosa jibu kwa saa mbili, uliza tena, huna kosa. Na usitume pesa kwa mtu uliyemjua leo asubuhi.

Kuhusu fundi wetu wa mabanda na ujumbe wake wa dakika sita, nimejaribu kila kitu. Nimemwomba pembeni, nimeweka sheria ya dakika moja, nimempa zamu ya kupokea wageni nikitumaini atachoka. Jumamosi iliyopita aliwakaribisha wageni 11 kwa sauti ya dakika saba na nusu. Tisa waliisikiliza mpaka mwisho na kumshukuru, kwa hiyo sasa sijui.